Picha mbili za sebule ya Bibi: shajara ya mwanafunzi wa uchoraji

Naiandika shajara hii kwa ajili ya mtu aliye pale nilipokuwa mwezi Mei: anatamani kuchora kwa rangi, hana msingi wowote, na hajui zitamtoka shilingi ngapi. Lengo langu ni picha mbili tu. Ya kwanza ni sura ya Bibi, mzaa mama. Ya pili ni ufukwe wa Mjimwema, Kigamboni, alikokulia. Zote zitundikwe sebuleni kwake Temeke kabla mwaka haujaisha. Yaliyokwenda vizuri nitayapitia haraka. Makosa ndiyo yaliyokula pesa, kwa hiyo ndiyo yatakayokula na nafasi.

Jumamosi, 1 Juni 2024: boksi la rangi lapanda kabatini

Darasa ni kila Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa sita, kwenye chumba cha ghorofani Kinondoni. Tuko wanane. Ada ni 80,000 kwa mwezi na vifaa unajitegemea.

Niliingia kifua mbele na boksi la rangi za akriliki nililonunua Kariakoo kwa 28,000, mirija 12 ya mililita 12, pamoja na pakiti ya brashi ya 15,000. Mwalimu akalifungua, akalifunga, akaliweka juu ya kabati. "Hili tutalishusha mwezi ujao." Juni nzima ni penseli na mkaa.

Kwa hiyo usinunue rangi kabla ya darasa. Kilichohitajika siku hiyo kilikuwa daftari la karatasi nene la A3 (12,000), penseli za 2B, 4B na 6B (3,000), na kifutio laini kinachofinyangika kama donge la unga (2,000). Jumla 17,000. Rangi zangu ziliposhushwa Julai, mirija miwili ilikuwa imeganda mdomoni.

Jumamosi, 15 Juni: mkaa wa jikoni hauchori

Mkaa wa kuchorea upo madukani, lakini vijiti sita kwa 9,000 niliona ni wizi wakati gunia la mkaa limeegemea ukuta nyuma ya nyumba. Nikachukua kipande, nikakisugua sakafuni hadi kikachongoka. Kwenye karatasi kilikwaruza kama msumari, na pale kilipokubali kuacha alama hakikufutika tena. Mkaa ule ni wa mti mgumu. Uachiwe maharage.

Dawa yake ni hii. Tafuta kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko wa bati, toboa tundu moja la msumari kwenye mfuniko. Jaza vijiti vikavu vya unene wa penseli, vilivyomenywa maganda. Mimi nilitumia mwarobaini. Weka kopo juu ya jiko lenye moto mkali. Moshi utatoka tunduni, na ukikoma kabisa, epua. Halafu usilifungue. Mara ya kwanza nililifungua likiwa la moto, hewa ikaingia, vijiti vikashika moto mbele ya macho yangu na nikabaki na majivu. Mara ya pili nililiacha hadi asubuhi. Vilitoka vijiti 30 vyeusi tii, laini, vinavyofutika kwa kidole. Gharama: sifuri.

Jumamosi, 22 Juni: nilikuwa namkata Bibi paji la uso

Wiki tatu nimechora vichwa, na vyote vina tatizo moja ambalo sikuweza kulitaja. Vinafanana na watu, lakini watu waliokandamizwa utosi. Mwalimu akanipa rula. "Pima kutoka utosini hadi kidevuni, kisha uniambie macho yako wapi."

Kwenye michoro yangu macho yalikuwa juu, kama theluthi ya kwanza ya kichwa. Kwenye kichwa cha mtu mzima macho yako karibu katikati kabisa. Nusu ya juu ni paji, nywele na fuvu. Nusu ya chini ndiyo inayobeba pua, mdomo na kidevu. Sikuwa na habari, na nina miaka 34 ya kutazama watu. Tunapozungumza na mtu tunatazama macho na mdomo, kwa hiyo mkono unapoambiwa uchore unaviongezea hivyo nafasi na kulinyima fuvu.

Kosa la pili lilitokana na simu. Nilikuwa nachora kutoka kwenye picha niliyompiga Bibi kwa karibu, kama hatua moja. Pua ilijaa kama ya mtu anayechungulia dirishani, masikio yakarudi nyuma. Nilidhani mkono wangu ndio mbaya, kumbe nilikuwa naiga kwa uaminifu picha iliyopotoka. Kamera ikisogezwa karibu na uso, kilicho mbele hukuzwa kuliko kilicho nyuma. Nimempiga upya kutoka mita tatu, nikakata pembeni. Sasa pua imerudi kwa mwenyewe.

Jumamosi, 6 Julai: kanvasi za kujitengenezea

Kanvasi ya dukani ya sentimita 40 kwa 50 niliambiwa 28,000. Nikaamua kutengeneza: tatu za 40 kwa 50 kwa ajili ya Bibi na mbili za 50 kwa 70 kwa ajili ya ufukwe.

Mbao za fremu 14,000, zimekatwa hukohuko. Amerikani mita tatu kwa 4,000 kila moja, 12,000. Gundi nyeupe ya mbao 6,000. Pini za stepla 3,000. Bunduki yake niliazima kwa fundi makochi wa mtaani kwetu, ambaye alinitazama navuta kitambaa kuanzia pembeni, akashindwa kuvumilia. "Anzia katikati, kaka. Pini moja kila upande, halafu ndiyo uende kwenye kona." Fremu yangu ya kwanza yenye mikunjo kama shuka la mgonjwa ilifunguliwa pini moja moja.

Fremu ya pili ilikuwa imepinda, sikugundua mpaka nilipoilaza juu ya meza. Sasa kabla ya kugonga msumari wa mwisho napima kutoka kona hadi kona, mshazari wa kwanza na wa pili. Vipimo viwili vikilingana, fremu iko sawa.

Kosa lililoniuma zaidi ni rangi ya msingi. Baada ya kupaka gundi iliyochanganywa na maji na kuiacha ikauke, nilipaka rangi nyeupe ya ukuta, lita moja kwa 11,000. Ilikuwa ya mng'ao. Akriliki iliteleza juu yake kama maji kwenye jani la mgomba, na ilipokauka niliweza kuibandua kwa ukucha. Nikanunua nyingine isiyong'aa, 9,000, nikaongeza unga wa chaki za ubaoni nilizozitwanga na kuzichekecha (boksi 2,000), nikapaka mara tatu na kupiga msasa mwembamba katikati (1,500). Hiyo imeshika. Jumla ya kanvasi tano, pamoja na ile lita niliyoitupia pesa: 58,500. Za dukani tano zingezidi mara mbili, ila za dukani zisingenila wikiendi mbili.

Jumamosi, 13 Julai: rangi ya mlango

Mwalimu alitusimulia kuhusu Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora hapa Dar es Salaam mnamo 1968 kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za baiskeli, akafariki 1972, na katika miaka ile michache akaacha mtindo unaobeba jina lake hadi leo. Nikawaza: kama yeye alitumia rangi ya baiskeli, mimi nahangaika na mirija ya nini?

Hadibodi nzima 18,000, makopo madogo matatu ya rangi ya mafuta, ile ya kupaka milango, 9,000. Nikajaribu uso wa Bibi.

Nitafupisha aibu hii. Rangi ile haichanganyiki taratibu. Ukitaka shavu lihame kutoka kwenye mwanga kwenda kwenye kivuli, unapata mistari miwili inayogombana, halafu inaanza kuchuruzika. Bibi alikuwa na machozi meusi mpaka shingoni. Nilipomwonyesha mwalimu alicheka hadi akakaa. Wale wa Tingatinga, akaeleza, hawailazimishi rangi ile ifanye isichokiweza. Wanaweka rangi bapa, wanasubiri ikauke, wanaweka nyingine juu yake, na uzuri wote uko kwenye umbo na mstari. 27,000 zimekwenda, lakini vipande vya hadibodi nilivipaka ule msingi wa chaki na ndivyo ninavyofanyia mazoezi mpaka sasa.

Jumamosi, 27 Julai: ngozi ya majivu

Hapa ndipo ningependa mtu angenishika mkono mapema.

Bibi ni maji ya kunde. Kwenye boksi langu kulikuwa na mrija wa kahawia, kwa hiyo mantiki yangu ilikuwa rahisi: kahawia ndiyo ngozi, nyeusi iongezwe kwenye kivuli, nyeupe iongezwe kwenye mwanga. Nikapata mtu aliyetoka kulala kwenye jiko. Sehemu zenye mwanga zilipauka kama miguu isiyopakwa mafuta wakati wa kipupwe, na vivuli vilionekana kama masizi.

Mwalimu aliniondolea mrija mweusi, na hajaurudisha. Akanielekeza ninunue mirija mikubwa mitano ya mililita 75, kila mmoja 14,000, jumla 70,000: nyeupe ya titani, oka ya njano (njano ya udongo), nyekundu, sienna ya kuchoma (ile kahawia yenye wekundu wa tofali) na bluu ya altramarini. Sienna ya kuchoma ikikutana na altramarini inatoa giza karibu na nyeusi, lakini giza lenye uhai. Ukizidisha sienna linapata joto, ukizidisha bluu linapoa. Vivuli vyote vya uso wa Bibi vimetoka humo.

Kuhusu mwanga, nyeupe haimulikii tu, inapooza pia na kuchosha rangi. Kwa hiyo nang'arisha kwanza kwa oka na chembe ya nyekundu, kisha nyeupe inakuja mwishoni, ncha ya brashi. Halafu kuna ile sehemu inayong'aa kabisa kwenye paji na juu ya shavu. Nilikuwa naiweka nyeupe au njano. Nilipomtazama Bibi mwenyewe kando ya dirisha, niliona pale pana ubluu. Ngozi nyeusi inarudisha mwanga wa mbingu kama kioo. Nikaweka nyeupe yenye bluu kidogo, na shavu likapata mafuta.

Yaliyobaki ni ya kiufundi. Akriliki ikikauka inakuwa nyeusi zaidi kuliko ilivyokuwa mbichi, basi kabla ya kupaka naweka doa kwenye kipande cha hadibodi, nasubiri dakika tano. Kwa joto letu rangi inakauka kwenye paleti, pale unapoichanganyia, kabla hujageuka. Nimetengeneza paleti ya unyevu kwa kontena bapa la chakula lenye mfuniko: sponji nyembamba iliyolowa chini, karatasi ya kuokea juu yake, rangi juu ya karatasi. Ukifunga, kesho yake unaikuta mbichi. Na zile brashi za 15,000 zimeacha nywele kumi na kitu kwenye shavu la kushoto la Bibi, nimezitoa kwa kibano cha nyusi cha dada. Nimenunua tatu nzuri kwa 8,000 kila moja. Brashi tatu nzuri zinatosha.

Jumapili, 4 Agosti: Mjimwema, nikitazama jua

Izeli ya kubeba, stendi ya kusimamishia picha unapochora, nimetengenezewa na fundi seremala kwa 35,000. Alfajiri daladala hadi Kivukoni, pantoni, daladala tena. Saa nne asubuhi maji yalikuwa yamekupwa mbali, mchanga unang'aa, ngalawa sita zimelala ubavu kila mahali. Ndiyo picha niliyoitaka.

Lakini pwani yetu imeelekea mashariki. Asubuhi jua liko upande wa bahari, kwa hiyo unachora ukiwa umelikodolea. Ngalawa zote zilikuwa vivuli vyeusi visivyo na rangi, na karatasi yangu nyeupe iliniumiza macho. Saa nzima nimechora kwa kukisia. Nilipotazama kazi kivulini, ilikuwa nyeusi kuliko usiku.

Pia mstari wa upeo wa macho niliuweka katikati kabisa ya picha na ukateremkia kulia. Bahari ilionekana inamwagika kuelekea Kilwa. Siku hizi nafunga uzi mweusi kati ya pini mbili pembeni mwa kanvasi kabla ya kuanza.

Nilijiambia nitarudi Jumapili ijayo saa ileile nimalizie.

Jumapili, 11 Agosti: maji hayapo

Yaani yapo. Ndiyo shida.

Saa nne ileile, nikakuta ngalawa zangu zote zinaelea. Mzee mmoja mvuvi alikuwa anashona wavu chini ya mnazi. Nikamwamkia, shikamoo, marahaba, nikamweleza masikitiko yangu. Akanitazama kwa huruma ile wanayopewa watu wa bara.

"Kijana, maji si daladala, hayana saa moja kila siku. Kila siku yanachelewa karibu saa nzima. Wiki iliyopita ilikuwa bamvua. Leo ni maji mafu."

Bibi yangu amezaliwa kijiji hikihiki, nami nilikuwa sijui. Mzee akanichorea mchangani. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, na kwa upande wetu huu kupwa kwake huwa saa nne asubuhi hivi na kujaa kwake saa kumi hivi jioni. Kila siku yanasogea mbele kama dakika 50. Baada ya wiki ni maji mafu: kupwa kunaangukia alasiri, lakini maji yanasogea kidogo tu, mchanga hauonekani wa maana.

Kaa na hesabu hiyo uone ubaya wake. Mimi nilitaka mchanga mpana wa bamvua pamoja na mwanga wa jioni, jua likiwa mgongoni mwangu kutoka bara na kuzipiga ngalawa usoni. Mchanga mpana ni wa asubuhi. Mwanga mzuri ni wa jioni. Jioni maji yakiwa yamekupwa, yamekupwa robo. Vitu viwili nilivyovitaka havikutani ufukweni kwetu, na nilikuwa nimekwishauchora mchanga huo kichwani miezi miwili.

Jumapili, 18 Agosti: upepo wa pande mbili

Bamvua tena, nimerudi asubuhi kwa ajili ya maumbo tu, rangi nikaziacha. Badala ya picha kubwa nimefanya vipande vinne vya hadibodi vya ukubwa wa daftari, dakika 30 kila kimoja. Kasi inasaidia: huna muda wa kuchora kila jani.

Kusi lilikuwa linapuliza kweli. Saa tano liliinua izeli pamoja na kipande cha tatu na kukilaza kifudifudi mchangani. Mchanga umeingia kwenye akriliki na hautoki. Kipande kile sasa kinaweza kutumika kama msasa. Tangu hapo nafunga mfuko wenye mawe katikati ya miguu ya izeli.

Mzee wa nyavu alikuja kukagua. Alitazama kile kipande nilichojivunia, chenye ngalawa iliyotweka tanga, akauliza taratibu: "Hapa upepo unatoka wapi?"

Nikamwonyesha kulia, kusini.

"Minazi yako inakubali. Mbona tanga limevimba kuelekea hukohuko unakotoka upepo?"

Nikatazama. Kweli. Minazi inalalia kaskazini na tanga linavimba kusini, kwenye ubao mmoja. "Na hii ndubi ya pili umemwachia nani?" Nilikuwa nimechora ndubi, ubao wa pembeni unaoizuia ngalawa isipinduke, upande mmoja tu. Upande wa pili ulifichwa na mwili wa ngalawa pale niliposimama, lakini ncha yake ilionekana nyuma, nami nilidhani ni gogo. Darasani hakuna aliyewahi kuliona kosa hilo, mwalimu akiwemo. Nimeahidi kila picha ya bahari ipite kwa Mzee kabla haijapita kwa mwalimu.

Jumapili, 8 Septemba: Bibi mbele ya izeli

Picha mbili za Bibi kutoka kwenye simu zimeshindikana. Zinafanana naye kama kitambulisho kinavyofanana na mtu. Mwalimu amesema nimkalishe mwenyewe.

Nimemweka kando ya dirisha, bega la kulia kwenye mwanga. Dakika 20 kikao, dakika kumi mapumziko. Kwenye kikao cha kwanza nilisahau kuzima taa ya tyubu, nikapata vivuli viwili vya pua, kimoja kila upande. Zima taa. Mwanga mmoja unatosha na unaeleweka.

Kwenye kikao cha pili Bibi alisinzia. Kidevu kikashuka, nami nikaendelea kupaka kwa kuona uvivu wa kumwamsha. Matokeo yake macho yanatazama mbele na mdomo unatazama sakafu. Nimejifunza kuweka alama za chaki sakafuni kwenye miguu ya kiti na kumwachia redio, maana taarabu inamweka macho kuliko mimi.

Alipoiona ile kazi ya kikao cha tatu alikaa kimya, akaisogelea, akasema: "Mume wangu, kwa hiyo ndivyo unavyoniona? Umenizeesha ili upate sababu ya kuoa mke wa pili."

Nilichofanya, kila mkunjo nilioujua nimeuchora kwa mstari. Mikunjo ya uso si mistari, ni vilima vidogo na mabonde, na mingi inapotea ukikunja macho na kutazama kwa kope. Nimeipiga picha kazi yangu kwa simu, nikaigeuza kuwa nyeusi na nyeupe, nikaiweka kando ya picha ya Bibi iliyogeuzwa vilevile. Mistari yangu ilikuwa myeusi kuliko hata tundu la pua. Nimeifunika kwa rangi ya shavu, nikaacha mitatu tu, ile ya pembeni mwa macho inayojitokeza akicheka. Amepungua miaka kumi na bado ni yeye.

Jumapili, 29 Septemba: kanga

Sura imekamilika wiki iliyopita. Wiki hii kanga imeiharibu.

Bibi alijifunga ile nyekundu na nyeusi iliyoandikwa WEMA HAUOZI. Nimeichora kwa bidii zote: pindo, mji, kila ua, herufi zote kumi zimesimama wima. Mwalimu akaniuliza kitu cha kwanza ninachokiona nikiingia chumbani. Kanga. Bibi amekuwa mtu aliyesimama nyuma ya kanga.

Herufi zile pia zilikuwa zimenyooka kama za bango wakati kitambaa chenyewe kimepinda begani na kukunjwa kwapani. Maandishi yanatakiwa yafuate mkunjo, mengine yamezwe. Nimechanganya wekundu na sienna kidogo ili upoe, nikafifisha maua yote yaliyo mbali na uso, na maandishi nimeyaacha yaonekane kipande tu: EMA HAU, halafu mkunjo.

Bibi alipinga. "Kanga bila jina ni pazia." Tukajadiliana kwa chai mbili. Mwishowe nimemrudishia ile W, ikiwa nusu, kwenye ukingo wa mkunjo. Anasema yeye anaisoma yote na wageni wakishindwa ni shauri lao.

Jumamosi, 19 Oktoba: maji yamejaa

Mwezi mzima nilikuwa nasubiri mchanga na mwanga vikutane. Wiki mbili zilizopita nilichora jedwali la mwezi na maji kwenye karatasi, nikaona jambo nililokuwa nimeshaambiwa na Mzee mwezi Agosti: bamvua *kujaa* ni jioni. Niache mchanga basi, nichore maji.

Mwezi ulikuwa mpevu Alhamisi. Leo baada ya darasa nimekwenda moja kwa moja, nikafika saa tisa, maji yanapanda, na kufikia saa kumi na moja yalikuwa yamegusa mizizi ya minazi ya mbele. Jua liko nyuma yangu. Vivuli vya minazi vimelala juu ya maji ya ukingoni, rangi ya chai ya rangi, na nje yao ngalawa inaelea kwenye mwanga mtupu, ubavu wake wa mbao ukiwa na rangi ya sienna ya kuchoma kama ilivyotoka kwenye mrija. Sikuchanganya hata.

Nimefanya vipande vitatu na kupiga picha kwa ajili ya nyumbani. Kusi limekwisha, izeli haikutikisika.

Jumapili, 10 Novemba: kisiwa cha kijani

Picha kubwa ya 50 kwa 70 imechukua wiki tatu, nyingi zikiwa za kawaida. Bahari nimeiweka kwa mikanda: mchanga unaoonekana chini ya maji karibu, kijani cha chupa, mkanda mweusi penye nyasi za bahari na mwamba, kisha bluu. Ukiipaka bluu moja tu inakuwa ukuta.

Kosa lilikuwa kisiwa cha Sinda. Kina miti, miti ni ya kijani, nikakipaka kijani. Kikaruka mbele na kukaa puani mwa ngalawa, kama kichaka kilicho umbali wa kuruka. Vipande vyangu vya hadibodi, vilivyochorwa palepale, vyote vilikuwa na kisiwa cha kijivu chenye ubluu, hafifu, karibu na rangi ya anga. Mkono wangu wa ufukweni uliona. Mkono wa nyumbani ulikumbuka miti. Nimeifunika kijani kwa altramarini, nyeupe na chembe ya sienna, nikalainisha kingo kwa brashi kavu. Kisiwa kimerudi baharini.

Jumapili, 24 Novemba: ukutani, na gharama

Zimetundikwa. Fremu za nje mbili kwa 25,000 kila moja, 50,000. Nauli za Kigamboni, safari saba, 28,000. Ada ya miezi mitano, Juni hadi Oktoba, 400,000. Ukijumlisha na vifaa vyote nilivyovitaja humu, makosa yakiwemo, ni 752,500. Nikiondoa boksi la kwanza la rangi, brashi zile za manyoya, rangi ya ukuta ya mng'ao na balaa la rangi ya mlango, ningeokoa 81,000. Anayeanza kesho aanze na hizo mkononi.

Bibi amekaa mkabala na sura yake na hasemi kitu, ila kila jirani anayeingia anaelekezwa ile nusu ya W.

Leo mchana nilikwenda Mjimwema kumtimizia Mzee ahadi, nikiwa nimechelewa: picha tayari iko ukutani, nimembebea kwenye simu. Aliivuta kwa vidole viwili, akaikuza. Minazi sawa. Ndubi mbili, sawa. Tanga limekunjwa kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga, sawa. Kisiwa akakitambua bila kuambiwa. Nikaanza kutabasamu.

"Imefungwa wapi?" akauliza.

"Nini, Mzee?"

"Ngalawa. Maji yamejaa, hakuna mtu ndani, na sioni kamba ya nanga. Hii kesho asubuhi iko Unguja."

Jioni hii nimeishusha ukutani. Brashi nyembamba iko kwenye maji, na Bibi anataka kujua kwa nini pale ukutani pamebaki msumari mtupu.